Sauti Niliyoiita Kasoro

Nimeandika hukumu za albamu kwa miaka kadhaa sasa, na nyingi nimezisahau. Mtu akinionyesha leo maneno niliyoandika mwaka juzi, huenda nikakana kwamba ni yangu. Lakini ipo moja ninayoikumbuka yote, kuanzia neno la kwanza hadi alama niliyoweka chini yake, nne kwa kumi. Nataka kueleza jinsi nilivyoiandika na yaliyotokea baadaye.

Riziki yangu hasa haitoki kwenye muziki. Nafanya kazi katika saiba, duka la kompyuta na intaneti, mjini Litein, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo. Tunachapisha barua za kuomba kazi, tunajazia watu fomu za serikali, tunapiga picha za pasipoti, tunaandaa programu za harusi na za mazishi. Siku za soko hakuna nafasi ya kukaa. Siku nyingine, hasa mvua ikinyesha na watu wakijikinga chini ya mabati ya maduka wasipande ngazi, huwa na saa mbili tatu za kuandika mambo yangu.

Niliandikia tovuti moja iliyoanzishwa na marafiki watatu wa Nairobi. Ilihusu wanamuziki wasio na kampuni nyuma yao, wanaojirekodi vyumbani na kutoa nyimbo ambazo redio hazizichezi kwa sababu hazichezeki harusini wala haziimbiki kanisani. Tuliuita muziki mbadala, ingawa hatukuwahi kukubaliana ni mbadala wa nini. Kila Ijumaa tulitoa hukumu za albamu mpya. Mimi nilijulikana kwa ukali. Mwaka mmoja kabla ya haya nilikuwa nimeichana albamu ya kijana mmoja wa Nakuru, na wasomaji waliifurahia hukumu ile kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuandika. Tangu siku hiyo, kila nilipoanza kuandika nilihisi wanangoja nichane tena.

Nilitumia jina la kalamu. Hapa Litein hakuna aliyejua, isipokuwa mke wangu.

Siku moja mhariri alinipigia simu kunipa albamu ya mwanamke wa Mogogosiek. Alisema huyu ni wa huko kwenu, akauliza kama nitaweza kumhukumu bila upendeleo. Nilicheka. Nilimwambia kwamba mimi si wa huko kwa maana anayofikiria. Wazazi wangu walitoka upande wa Kisii wakaja kuchuna majani chai katika mashamba makubwa, nami nikazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi. Kipsigis changu ni cha sokoni na cha uwanja wa mpira. Wazee wakianza kuongea kile cha ndani, mimi hubaki nje. Lakini swali lake lilinichoma kidogo. Nilitaka kumwonyesha kwamba siwezi kumbembeleza mtu kwa sababu tu tunanyeshewa na mvua moja.

Albamu ilikuwa na nyimbo tisa. Nilianza kuzipakua Ijumaa asubuhi pale saiba, na mhariri alizitaka aya zangu kabla ya saa sita mchana. Mvua ilikuwa imeanza tangu alfajiri na mtandao ulikuwa unajikokota. Wimbo wa sita ulipomaliza kuingia, stima ikapotea mtaa mzima. Nilingoja nusu saa. Kisha nikavaa hedifoni, nikasikiliza zile sita kwenye laptopu yangu kwa chaji iliyokuwa imebaki.

Zilikuwa nyimbo za gitaa na sauti ya mwanamke, taratibu, zikiwa nusu Kiswahili nusu Kipsigis. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikutetemeka. Kilichonikera kilikuwa nyuma yake. Katika kila wimbo kulikuwa na sauti ya pili, ya mtu mzima, mwanamke pia, ikiimba mbali na maikrofoni. Ilichelewa kila mara, nusu pumzi baada ya ile ya mbele. Wakati mwingine iliacha kuimba ikakohoa. Kulikuwa na sufuria zinazogongana, mlango, kuku. Mwishoni mwa wimbo wa sita ile sauti ya nyuma ilisema maneno mengi ya Kipsigis ambayo sikuyashika, kisha wote wawili wakacheka na rekodi ikakatika.

Niliandika kwamba msanii ana kipaji cha wastani na kifaa cha hovyo. Niliandika, na haya ni maneno yangu yenyewe: "Kuna sauti ya pili inayotangatanga nyuma ya kila wimbo kama redio ya jirani. Ni kasoro ambayo mtu yeyote mwenye masikio angeiondoa." Saa sita ilikuwa inakaribia na stima haikuwa imerudi. Simu yangu ilikuwa na chaji ya kutuma maandishi, si ya kupakua nyimbo. Nilitazama orodha ya nyimbo tatu zilizobaki, nikatazama saa. Nikaandika sentensi moja zaidi: "Nyimbo tatu za mwisho hazileti jipya, zinarudia yaleyale."

Nikatuma.

Ningeweza kumwambia mhariri kwamba nimesikia sita tu. Angekasirika kidogo, angesogeza albamu hiyo hadi wiki iliyofuata, na mambo yangeisha hapo. Tena stima ilirudi Jumapili mchana na kiungo cha albamu kilikuwa bado kipo. Sikukifungua. Hukumu ilikuwa tayari imetoka, wasomaji walikuwa wanaicheka ile redio ya jirani, na kusikiliza nyimbo zile tatu kungeweza tu kuniletea taabu.

Baada ya wiki mbili hivi albamu ikaondolewa mtandaoni. Baada ya miezi miwili ikarudi, imerekodiwa upya. Sasa ilikuwa na nyimbo sita tu, safi, sauti moja na gitaa, bila kuku wala sufuria. Niliona zile tatu hazipo, na kitu cha kwanza nilichohisi, nasema ukweli, ni kwamba nimepumua. Hakuna ambaye angeweza kunishika tena. Nikaandika aya moja ya kumpongeza msanii anayejua kusikiliza wahakiki, nikampandisha hadi sita kwa kumi.

Miezi minne ilipita. Asubuhi moja ya Jumanne mwanamke mmoja alipanda ngazi za saiba akiwa na gambuti zenye matope na leso iliyofunga karatasi na picha ili zisilowe. Alikuwa wa umri wa miaka thelathini na kitu. Alitaka programu ya mazishi ya mama yake. Nilimpa pole, nikamvutia kiti karibu na kompyuta kama tunavyowafanyia wote wenye msiba, kwa sababu wanapenda kuangalia herufi zinavyoingia.

Alikuwa ameandika wasifu wa marehemu kwa mkono, kwenye karatasi za daftari. Nikaanza kupiga chapa: alikozaliwa, alikosoma, mwaka aliofunga ndoa, watoto aliowazaa, miaka aliyopeleka majani chai kwenye kituo cha kununulia, kwaya ya kanisa. Kisha nikafika kwenye mstari uliosema kwamba mama alipenda sana kuimba akiwa jikoni, na kwamba sauti yake imo katika albamu ya kwanza ya bintiye.

Vidole vyangu viliendelea kupiga hadi mwisho wa sentensi. Nadhani vilimaliza kabla akili haijafika.

"Hiyo ondoa," mwanamke akasema. "Sauti yake haimo tena. Niliandika kwa mazoea."

Nikaiondoa. Yeye akaendelea kuongea, kwa utaratibu, akiangalia skrini. Alisema mama yake aliugua kifua kwa muda mrefu na hakuweza kuachwa peke yake nyumbani. Kwa hiyo alipotaka kurekodi alirekodi jikoni, na mama akaimba naye. Hakumwomba aimbe. Mama aliimba tu, na kwa kuwa pumzi zilikuwa fupi alichelewa kila mstari. Wimbo wa mwisho, ule wa tisa, aliuimba mama peke yake, wimbo alioutunga mwenyewe akiwa msichana na ambao hakuwahi kuuimba mbele ya watu. Baadaye watu wa mtandaoni walisema ile sauti ni kelele. Naye alipoisikiliza tena akaanza kuisikia kama kelele. Akarekodi upya, siku ambazo mama alikuwa amelazwa hospitalini Kapkatet. Laptopu ilikuwa ya kuazima kwa mwalimu mmoja, ikawa lazima airudishe, akafuta zile za zamani.

Kisha akaniuliza swali ambalo, alisema, alikuwa ameuliza katika kila saiba kati ya Mogogosiek na Litein. Kitu kikifutwa mtandaoni, kuna njia ya kukirudisha?

Nilimwambia ni vigumu. Hilo lilikuwa kweli. Nikamwambia nitaulizia. Niliitengeneza programu ile kwa uangalifu kuliko zote nilizowahi kutengeneza, nikaipanga picha ya mama yake katikati ya ukurasa wa kwanza: mwanamke mwembamba, kikombe mkononi, akimtazama mpiga picha kama anayetaka kumwambia aache mchezo. Binti akashukuru, akafunga karatasi zake ndani ya leso, akashuka ngazi. Jina la kalamu yangu sikulitaja.

Zile nyimbo sita zilikuwa bado zimo ndani ya laptopu yangu. Sikuzifuta kwa sababu mimi sifuti kitu, si kwa sababu nyingine yoyote. Nilizifungua asubuhi iliyofuata, kabla ya wateja kuja.

Sijui nieleze vipi kilichotokea masikioni mwangu. Sauti niliyoiita redio ya jirani ilikuja mbele. Ile nyembamba ya binti ikarudi nyuma, na kila nilipojaribu kuifuata nilijikuta nangoja ile nyingine, nusu pumzi, nusu pumzi. Nilisikia jinsi alivyovuta hewa kabla ya mstari mrefu na kuamua kutoujaribu. Nilisikia kikohozi akikimeza ili asiharibu. Katika wimbo wa nne kulikuwa na mahali ambapo alinyamaza kabisa, na kwa mbali kiti kikaburutwa, na binti akaongeza sauti kidogo kama mtu anayemwitia mwenzake aliye chumba kingine. Mara ya kwanza nilikuwa nimepaandika mahali hapo kuwa "kukosa nidhamu ya sauti".

Tangu hapo haikuniacha. Mashine ya kunakili pale saiba hutoa mlio fulani karatasi inapoingia, na nikaanza kuusikia mlio ule ukichelewa. Mvua ikianza kwenye mabati nilisikia mtu anajiandaa kuimba. Nikipita karibu na kiwanda cha majani chai, mashine zikinguruma, nilikuwa nasimama barabarani kama mjinga, nikisikiliza kama kuna mtu nyuma ya ngurumo. Mke wangu aliniuliza mara mbili nasikiliza nini. Mara ya tatu hakuuliza, alizima tu redio.

Kibaya zaidi kilikuwa zile tatu. Sita nilikuwa nazo. Zile tatu hazikuwa popote duniani, na mtu wa mwisho aliyepata nafasi ya kuzisikia akakataa ni mimi. Nilianza kuziota. Katika ndoto nilikuwa nazipakua na mstari wa kijani ulikuwa unafika karibu na mwisho.

Mwenye nyumba tunayopanga ni mama mzee wa Kipsigis ambaye sisi wote tunamwita Kogo, yaani bibi. Jumamosi moja mchana alikuwa amekaa barazani akichambua mboga, nikamwomba anisikilizie kitu. Nilimwekea mwisho wa wimbo wa sita kwenye simu, yale maneno kabla ya kicheko. Aliinamisha kichwa. Akaniomba nirudie. Akauliza huyu ni nani, nikamwambia ni mama mmoja wa Mogogosiek aliyeaga.

"Msichana amemwambia anyamaze kidogo," Kogo akasema, "kwa sababu anarekodi. Huyu mama anamjibu, mimi niko hapa nyuma tu, wewe imba. Usinigeukie. Ukinigeukia utapotea."

"Halafu wanacheka."

"Eh. Wanacheka." Akarudi kwenye mboga zake. Baada ya muda akauliza kama watu wake wanayo hiyo sauti. Nilimwambia hawana. Akanitazama, akaniuliza kwa nini basi ninayo mimi.

Wiki iliyofuata niliomba ruhusa ya siku moja kazini, nikaweka nyimbo zile kwenye flashi mbili, iwapo moja itaharibika, nikapanda boda hadi Mogogosiek. Namba ya simu ya yule binti nilikuwa nayo kutoka kwenye oda ya programu. Nilimpigia nikiwa tayari nimefika sokoni, kwa sababu nilijua nikipiga nikiwa Litein sitakwenda. Nilimwambia ni yule wa saiba, nimepata kitu. Hakuuliza kitu gani. Alinielekeza njia hadi kwao.

Ilikuwa kama saa nane mchana na ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye majani chai, hata watu waliokuwa wakichuna walionekana vichwa na mabega tu. Alinikuta njiani, kikapu mgongoni, akanipeleka nyumbani. Kaburi lilikuwa upande wa chini wa boma, udongo wake bado mwekundu. Tuliingia jikoni. Nililijua jiko lile kabla sijaketi. Mlango ulipogonga nyuma yangu niliutambua.

Nilimpa flashi. Nikaweka simu yangu mezani nikaufungulia wimbo wa kwanza, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuanza na maneno. Alisimama wima, mikono bado ina utomvu wa majani. Mama yake alipoingia, nusu pumzi nyuma, alikaa chini kwenye kigoda taratibu sana na kujifunika uso kwa leso. Ule wimbo ukaisha. Akaniashiria niendelee. Tulisikiliza zote sita hivyo. Kwenye kile kicheko cha mwisho mabega yake yalitikisika, na sikuweza kujua kama analia au anacheka pamoja nao.

Kisha akangoja. Simu ilikuwa kimya. Akafungua uso.

"Na ya saba?"

"Sina."

"Ya tisa?"

"Sina, dada. Ninazo hizi sita tu."

Akauliza nimezitoa wapi. Ndipo nikamwambia. Nilimtajia jina langu la kalamu na nikaona analitambua; macho yake yalibadilika kama mtu aliyepigwa na upepo baridi. Nikaendelea kwa haraka kabla sijaogopa. Nilimweleza kuhusu mvua, stima, saa sita, mhariri. Nilijisikia nikipanga sababu mstarini na kila moja ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia. Mwishowe nikasema lile lililonileta: kwamba nyimbo tatu za mwisho sikuwahi kuzisikia. Kwamba niliandika zinarudia yaleyale bila kuzifungua.

Nje kuna mtu alipita akimwita ng'ombe.

"Unajua," akasema, "zile sita nilibishana na wewe. Nilikuwa nazunguka hapa nikikujibu. Nilisema huyu mtu hajui kitu. Lakini zile tatu ulizisema kwa haraka, mstari mmoja, kama kitu ambacho kila mtu anakiona. Nikaona hapo basi huyu hadanganyi. Hizo ndizo nilizozifuta kwanza."

Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha. Akasema amesikia. Akasema hajui anisamehe nini kwanza, hayo ya nyimbo au ya siku ile ya programu, alipokaa karibu nami akiongea na mimi nikamwacha ashuke ngazi. Sikuwa nimefikiri kwamba la pili ndilo lingemuuma. Lakini lilimuuma, na alikuwa na haki.

Kisha akafanya kitu ambacho hunijia hata leo. Aliinuka, akachochea moto, akanipikia chai ya maziwa, kwa sababu mgeni alikuwa nyumbani. Aliniandalia bila kunitazama. Alisimama karibu na mlango hadi nilipomaliza. Nilikunywa ikiwa moto sana ili nisimcheleweshe, na nilipoondoka alisema "kongoi", asante, akiwa ameshika flashi zote mbili kifuani. Sijui kama aliniambia mimi.

Jioni hiyo nilimpigia mhariri. Alinisikiliza, akauliza kama kuna mtu mwingine anayejua. Nilimwambia anajua yule anayepaswa kujua. Aliona afadhali jambo liachwe, hukumu ni ya zamani, hakuna anayeisoma. Nilisisitiza. Baada ya siku kadhaa waliweka mstari mmoja chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba mwandishi hakusikiliza albamu yote. Hawakunipa albamu nyingine. Nilingoja miezi miwili, kisha nikaacha kungoja. Leo naandika kwenye ukurasa wangu mwenyewe, wasomaji wachache, na alama sitoi.

Yeye alizirudisha zile nyimbo sita mtandaoni kama zilivyokuwa, kuku na sufuria na yote. Hakuandika maelezo yoyote. Kwa muda hakuna aliyeona. Kisha mhakiki mmoja wa jijini, wa tovuti kubwa kuliko ile yangu, akaiokota albamu hiyo. Aliisifu mno. Alisema sauti ya nyuma ndiyo moyo wa albamu, kwamba kuchelewa kwake ni mbinu ya kijasiri. Alisifu hasa mwisho, jinsi albamu inavyokatika ghafla kwenye kicheko, akasema msanii huyu anajua pa kunyamaza. Nane na nusu kwa kumi.

Nilidhani yule binti hatakanyaga tena saiba yetu, lakini alikuja, kwenye siku ya soko, watu wakiwa wamejaa. Alingoja zamu yake. Alinipa simu yake akaniomba nimchapishie ile hukumu, nakala moja, shangazi yake hasomi kwenye simu. Niliichapisha. Aliisoma akiwa amesimama kando ya mashine, mara mbili, akirudi kwenye aya ya mwisho.

"Huyu naye," akasema, "amesikia kitu ambacho sikukifanya."

Nilimwuliza kama atamwandikia kumweleza. Akatikisa kichwa. Alisema ameshaanza kuukusanya ule wimbo wa tisa, kutoka kwa shangazi zake wawili na mama mmoja wa kwaya, maana inaonekana mama aliwahi kuunong'ona mbele yao wakichuna majani, miaka mingi iliyopita. Maneno yamepatikana karibu yote. Wimbo wenyewe, mwendo wake, ndio wanabishana. Kila mmoja anauimba tofauti na kila mmoja ana hakika. Yeye mwenyewe alikuwa ameusikia mara nyingi kuliko wote, na alirekodi kwa mkono wake, lakini akijaribu kuuimba unafika katikati unageuka kuwa wimbo mwingine.

Nilimwuliza kama kuna lolote ninaloweza kufanya. Lilikuwa swali la kijinga na nilijua nikilisema. Mimi ndiye pekee katika habari hii yote asiye na hata mstari mmoja wa kuchangia.

"Hapana," akasema, bila ukali. Alikunja karatasi mara nne, akaiweka ndani ya leso. Mteja aliyefuata alikuwa tayari ananinyooshea kitambulisho chake kwa ajili ya nakala, nami nikakipokea, nikafungua mfuniko wa mashine, nikakiweka juu ya kioo.